John Hunter, daktari aliyelifungua taya la nyangumi

Weka kidole mbele kidogo ya sikio lako, kisha fungua mdomo na ufunge taratibu. Utasikia kitu kikisogea chini ya ngozi. Hicho ndicho kiungo cha taya. Hukitumia unapokula, unapoongea, unapopiga miayo na hata unapomeza mate. Ni kati ya viungo vinavyofanya kazi nyingi kuliko vyote mwilini, lakini wengi wetu hatukikumbuki mpaka siku kinapouma.

Tulipozungumzia maumivu ya viungo hewani, wasikilizaji kadhaa walituuliza kama wanyama nao huugua viungo, na madaktari walijuaje kinachotokea ndani ya kiungo kabla ya kuwapo mashine za picha. Jibu la maswali hayo mawili linapita kwa mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita. Aliitwa John Hunter. Alipasua miili ya watu, ya ng'ombe, ya kuku, ya chui na ya nyangumi. Aliandika kitabu kuhusu meno na taya la binadamu, na makala kubwa kuhusu maumbile ya nyangumi. Dunia bado inatumia aliyoyagundua, na bado inabishana juu ya njia alizotumia kuyagundua.

Mtoto wa mwisho wa mkulima

John Hunter alizaliwa Februari 1728 katika shamba la Long Calderwood, karibu na East Kilbride, Uskoti. Alikuwa kitinda mimba katika watoto kumi. Baba yake alifariki mwaka 1741, John akiwa na miaka 13. Shule hakuipenda. Alipenda zaidi kuzunguka mashambani akitazama ndege, wadudu na mifugo, na kuwauliza watu maswali ambayo hawakuwa na majibu yake. Kwa muda alikwenda Glasgow kumsaidia shemeji yake, fundi wa mbao, na huko mikono yake ikazoea vifaa.

Kaka yake William, aliyemzidi miaka kumi, alikuwa wa aina nyingine. Alisoma sana, akavaa vizuri, akajua kuongea na wakubwa. William alihamia London, na mwaka 1743, akiwa na miaka 25 tu, aliandika makala iliyosomwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi. Makala hiyo ilihusu gegedu la viungo, yaani ule ute mgumu, mweupe na laini unaofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Mtu yeyote aliyewahi kukata goti la mbuzi au paja la kuku amewahi kuliona.

William alieleza jinsi gegedu hilo lilivyo na jinsi linavyougua. Neno lake kubwa lilikuwa kwamba gegedu likishaharibika halirudi kama lilivyokuwa. Mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikichanika hufunga, lakini gegedu likishalika limelika. Hapo ndipo ulipo mzizi wa ugonjwa ambao wengi tunauita baridi yabisi, hasa ule wa uchakavu wa viungo. Madaktari wa leo wanajua mengi kuliko William, lakini hapo bado wanakubaliana naye.

Miaka kumi na zaidi chumbani na maiti

Mwaka 1748, John akiwa na miaka 20, alisafiri hadi London kumsaidia kaka yake, aliyekuwa amefungua shule ya kufundisha maumbile ya mwili wa binadamu. William alimpa mkono wa maiti aukate na kuonyesha misuli yake. Kijana yule asiyependa vitabu aliukata vizuri mno. Kuanzia hapo akawa msaidizi wa shule ile kwa miaka zaidi ya kumi.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo si zuri. Sheria za Uingereza za wakati ule ziliwapa madaktari miili michache sana, ya wahalifu walionyongwa. Wanafunzi walikuwa wengi na kila mmoja alihitaji mwili wa kujifunzia. Pengo hilo lilijazwa na wezi wa makaburini. Usiku walifukua maiti zilizozikwa siku hiyo hiyo, wakazipeleka mlango wa nyuma wa shule, wakalipwa. Walioibiwa mara nyingi walikuwa maskini, kwa sababu makaburi yao hayakuwa na ulinzi wala kuta. John alikuwa mmoja wa watu waliopokea mizigo hiyo. Elimu ya tiba tunayofaidika nayo leo ilijengwa kwa sehemu juu ya wizi huo.

Wakati huo huo alijifunza upasuaji kwa mabingwa wa London, akiwamo William Cheselden na baadaye Percivall Pott. Lakini hewa ya chumba cha maiti ilimdhoofisha kifua, na mwaka 1760 akajiunga na jeshi kama daktari wa upasuaji. Mwaka 1761 alikuwa katika vita vya kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa, na mwaka uliofuata akapelekwa Ureno.

Vitani aliona jambo lililomshangaza. Desturi ya madaktari ilikuwa kulipanua jeraha la risasi kwa kisu, kuchokonoa ndani na kuitafuta risasi. Lakini askari kadhaa waliojeruhiwa na kujificha, wasitibiwe na mtu, walipona vizuri kuliko waliotibiwa. John akaacha kupanua majeraha ovyo. Lilikuwa wazo dogo, lakini lilionyesha tabia yake ya maisha yote: alitazama kwanza, kisha akaamua, hata kama wakubwa walifundisha vingine.

Meno, na kiungo kilicho mbele ya sikio

Aliporudi London mwaka 1763 hakuwa na kazi ya uhakika. Alishirikiana na fundi wa meno, kazi ambayo madaktari wengi wa enzi hizo waliidharau. Fundi wa meno wakati huo alionekana karibu sawa na kinyozi. John hakujali. Mdomoni mwa watu aliona somo ambalo hakuna aliyelisoma sawasawa.

Matokeo yake ni kitabu kilichotoka mwaka 1771 kuhusu maumbile ya meno ya binadamu, na sehemu ya pili kuhusu magonjwa ya meno mwaka 1778. Humo aliyapanga meno kwa kazi zake: ya kukata, ya kuchania na ya kusaga, akayatenga na yale yaliyo kati. Mpangilio huo ndio msingi wa ule unaotumiwa hadi leo.

Alieleza pia jinsi taya linavyokua. Watu walidhani taya la mtoto linatanuka kila upande kwa pamoja. John alilinganisha mataya ya watoto na ya watu wazima, tena akawalisha nguruwe mizizi ya mmea unaotia mifupa rangi nyekundu pale inapokua. Akagundua kwamba taya la chini hurefuka kwa nyuma, na ndiyo maana magego ya mwisho hupata nafasi ya kuota baadaye.

Na kile kiungo kilicho mbele ya sikio alikifungua na kukieleza kwa makini. Alionyesha kwamba si bawaba ya kawaida kama ya mlango. Kati ya mfupa wa taya na mfupa wa kichwa kuna kisahani cha gegedu kinachotembea. Unapofungua mdomo kidogo, taya huzunguka mahali pake. Unapofungua sana, kichwa cha taya huteleza mbele pamoja na kisahani chake. Hivyo ni viungo viwili katika kimoja. Ndiyo sababu tunaweza kuuma, kusaga na kupeleka taya pembeni, na pia ndiyo sababu kiungo hiki hulia au kukwama kisahani kikihama njia yake.

Lakini hapo hapo kwenye meno aliacha doa. Alijaribu kupandikiza jino la binadamu kwenye upanga wa jogoo, na jino likashika. Baada ya hapo aliunga mkono kuhamisha meno kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa vitendo ilimaanisha kwamba maskini, mara nyingi vijana, waling'olewa meno mazima kwa malipo kidogo ili matajiri wapandikizwe. Meno hayo hayakudumu, na wengine waliopandikizwa waliambukizwa magonjwa. Baadaye mtindo huo uliachwa. Vijana waliouza meno yao hawakurudishiwa.

Nyumba iliyojaa wanyama

Mwaka 1767 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme, na mwaka 1768 akawa daktari wa upasuaji katika hospitali ya St George's. Mwaka 1771 alimwoa Anne Home, mshairi, ambaye mtunzi mashuhuri wa muziki Haydn alizitia sauti baadhi ya beti zake. Mwaka 1776 aliteuliwa kuwa mmoja wa madaktari wa upasuaji wa Mfalme George wa Tatu.

Fedha zilikuja, lakini hazikukaa. Alinunua eneo Earl's Court, wakati huo kijiji nje ya mji, akafuga wanyama wa kila aina, wakiwamo chui. Siku moja chui wawili walivunja minyororo na kupambana na mbwa. John aliwakamata kwa mikono mitupu na kuwarudisha. Alipotambua alichokifanya, nguvu zilimwishia akakaribia kuzimia.

Alitaka kujua sehemu moja ya mwili inavyofanya kazi kwa kila kiumbe. Akitaka kujua tumbo, alipasua tumbo la samaki, la ndege, la ng'ombe na la mtu, akaviweka pamoja kwenye chupa za pombe kali. Vilevile kwa mioyo, mifupa na mataya. Hadi anafariki alikuwa amekusanya vielelezo karibu 14,000. Vingi vilionyesha ugonjwa: mifupa iliyovimba, viungo vilivyogandana, magoti ambayo gegedu limekwisha na mfupa umesuguana na mfupa mpaka ukang'aa.

Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote alikuwa kijana wa kijijini, Edward Jenner, aliyekaa nyumbani kwake kuanzia mwaka 1770. Jenner aliporudi kijijini kwake, John aliendelea kumwandikia akimtaka asibaki kuwaza tu, ajaribu. Mwaka 1796 Jenner alijaribu, na majaribio yake yakaleta chanjo ya ndui. Ugonjwa huo ulioua mamilioni, wakiwamo watu wa Afrika Mashariki, ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980.

Nyangumi Mtoni Thames

Nyangumi walimsumbua John kwa muda mrefu. Miaka ile meli nyingi za Uingereza zilikwenda bahari ya baridi upande wa Greenland kuwawinda kwa ajili ya mafuta ya taa na mifupa. Waliowinda walijua kuua na kuchuna, lakini hawakujua ndani mna nini. John aligharamia daktari kijana apande meli ya wawindaji, akampa maelekezo na vifaa vya kuhifadhi nyama na viungo. Daktari yule alirudi na kipande kimoja cha ngozi ya nyangumi chenye vijidudu vya magamba vilivyoganda juu yake, vya aina ile inayoganda kwenye matumbo ya ngalawa. Gharama yote ikaishia hapo.

Basi akangoja waje wenyewe. Kila nyangumi au pomboo aliyepotea akakwama karibu na London, John alijitahidi kumpata. Mwaka 1783 nyangumi mwenye mdomo kama chupa aliingia Mto Thames na kukamatwa karibu na daraja la London. John alimpasua. Aliwapasua pia pomboo wadogo, wale wakubwa weusi na weupe wanaowinda sili, na nyangumi mdogo wa aina isiyo na meno, aliyekuwa na urefu wa futi 17. Sehemu za nyangumi mkubwa mwenye meno, yule ambaye kichwa chake kimejaa mafuta, nazo alizipata.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Nyangumi aliyekufa huoza upesi kwa sababu mafuta yake huhifadhi joto. Lazima ufanye haraka, kwa mapanga na kamba, ukiwa umezama katika damu na harufu.

Mwaka 1787 alichapisha makala yake kuhusu muundo wa nyangumi. Mwanasayansi Linnaeus wa Sweden alikuwa ameshawatenga nyangumi na samaki mwaka 1758, lakini John alionyesha kwa kisu kwa nini ni sahihi: wana damu ya moto, mapafu, maziwa, na moyo wa vyumba vinne kama wetu. Alipima mshipa mkuu wa moyo wa nyangumi mkubwa mwenye meno akakuta upana wake unafikia futi moja. Akakadiria kwamba kila pigo la moyo lilisukuma damu ya ndoo mbili au tatu. Mwaka huo huo alipewa medali ya Copley, tuzo kubwa ya Jumuiya ya Kifalme.

Na hapo ndipo alipolifikia taya. Baada ya kukijua vizuri kiungo cha taya la binadamu, alitazamia kukuta kitu kama hicho kwa nyangumi: ncha mbili laini, mfuko wa ute, na kisahani katikati. Katika baadhi ya nyangumi hakukikuta. Badala yake alikuta bonge nene la nyuzi ngumu zilizosokotana, zikiunganisha taya na kichwa moja kwa moja. Nyuzi hizo ziliweza kusogea moja juu ya nyingine, na katika nafasi kati yake mlikuwa na mafuta. Akaona kwamba bonge lile linafanya kazi ile ile ambayo kwa wanyama wa nchi kavu hufanywa na kiungo chenye kisahani.

Ni jambo la maana, nasi tutalieleza kwa mfano wa nyumbani. Kiungo chetu ni kama kinu na mchi: vitu viwili vigumu vinavyokutana na kuteleza. Kiungo cha nyangumi yule ni kama fundo nene la kamba lililoloweshwa mafuta. Kinu na mchi husagana. Fundo la kamba hunyumbuka.

Kwa nini nyangumi wawe na fundo? Wachunguzi wa siku hizi wameeleza. Nyangumi wakubwa wasio na meno wa jamii ya nyangumi wenye mikunjo kooni, wakiwamo nyangumi wenye nundu wanaopita mbele ya pwani ya Tanzania na Kenya kila mwaka katikati ya mwaka, hula kwa kukimbilia kundi la samaki au kamba wadogo na kufungua mdomo wote kwa ghafla. Maji yanayoingia ni mengi mno. Kwa nyangumi wakubwa zaidi yanaweza kukaribia au kuzidi uzito wa mwili wenyewe. Kiungo kama chetu kingepasuka. Bonge la nyuzi na mafuta hutanuka, hupokea mshtuko, kisha hurudi.

Simba bahari wanaougua taya

Si wanyama wote wa baharini waliojaliwa hivyo. Simba bahari, sili, walrusi na fisi maji wa baharini wana kiungo cha taya kinachofanana na cha mbwa au chui: mfupa wa mviringo unaokaa ndani ya mfereji, wenye gegedu na ute. Kwa hiyo hupata ugonjwa tunaoupata sisi.

Madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wamechunguza kwa miaka ya karibuni mafuvu mengi ya wanyama hao yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho. Walikuta mataya yenye vinundu vya mfupa vilivyoota pembeni mwa kiungo, ncha zilizolika, na matundu pale palipopaswa kuwa laini. Hizo ni alama za uchakavu wa kiungo. Kwa fisi maji, alama hizo zilionekana zaidi kwa waliokomaa kuliko kwa wadogo. Fisi maji wa baharini huvunja kome na kaa kwa meno siku nzima. Taya likiuma hali vizuri, na mnyama wa bahari ya baridi asiyekula vizuri hana siku nyingi.

Angalia namna walivyofanya kazi. Walichukua mafuvu mengi, wakayapanga, wakalinganisha lililo zima na lililo gonjwa. Ndivyo John Hunter alivyofanya katika rafu zake karne mbili kabla yao.

Jitu la Ireland

Mwaka ule ule wa 1783, nyangumi alipoingia Thames, kijana kutoka Ireland alikuwa London akionyeshwa kwa viingilio. Aliitwa Charles Byrne, na urefu wake ulikuwa kama futi 7 na inchi 7, zaidi ya mita 2.3. Alikuwa mgonjwa, na alijua madaktari wanautaka mwili wake. Aliwaomba rafiki zake wamweke kwenye jeneza la risasi na kumzika baharini, mahali ambapo hakuna wa kumfukua. Alifariki mwaka huo akiwa na miaka 22.

John alitoa fedha nyingi kwa watu waliousimamia mwili huo, na badala ya kuzikwa ukaletwa kwake. Aliuchemsha, akabaki na mifupa. Mifupa hiyo ilisimama kwenye makumbusho kwa zaidi ya miaka 200. Ni kweli kwamba iliwasaidia madaktari kuelewa ugonjwa wa tezi inayosababisha mtu kurefuka kupita kiasi. Ni kweli pia kwamba Byrne alisema asichotaka, na kila mtu alimsikia. Mwaka 2023 makumbusho yalitangaza kwamba mifupa yake haitaonyeshwa tena. Baharini bado haijafika.

Sisi tunaoishi ambako maiti huogeshwa na kusitiriwa na jamaa, na ambako wosia wa marehemu una uzito, hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini jambo hili linauma. Kupima faida ya tiba na haki ya mtu juu ya mwili wake bado ni kazi ya leo, si ya zamani tu. Kila mgonjwa anayeombwa kuingia kwenye utafiti ana haki ya kuelezwa na kukataa.

Makosa ya John hayakuishia hapo. Mwaka 1786 aliandika kwamba kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja. Alitegemea jaribio la mwaka 1767 lililompotosha, na kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa, kosa hilo lilidumu kwa madaktari wengi hadi miaka ya 1830. Lakini mwaka 1785 alimfanyia upasuaji mwendesha gari la farasi aliyekuwa na uvimbe wa mshipa nyuma ya goti. Wengine wangemkata mguu. John alifunga mshipa juu zaidi, pajani, akiamini mishipa midogo itachukua kazi. Ikawa hivyo, na mtu yule akatoka kwa miguu yake miwili.

Kifo, na kijana aliyelinda chupa

Moyo wa John ulikuwa ukimuuma kwa miaka. Hasira ilimletea maumivu ya kifua, na alikuwa mwepesi wa hasira. Jenner alitambua kwamba tatizo lilikuwa mishipa ya moyo, lakini hakutaka kumvunja moyo mwalimu wake kwa kumwambia. Tarehe 16 Oktoba 1793, katika kikao cha hospitali ya St George's, John alikuwa akiwatetea vijana wawili wa Uskoti waliotaka kupokewa kama wanafunzi. Alibishiwa. Alitoka chumba cha mkutano akiwa kimya, akaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 65. Mwili wake ulipasuliwa, na mishipa ya moyo wake ikakutwa imekuwa migumu kama mfupa.

Aliacha madeni na chupa maelfu. Aliyezilinda ni William Clift, kijana kutoka familia maskini ya Cornwall, aliyeanza kazi kwa John mwaka 1792 siku alipotimiza miaka 17. Kwa miaka sita Clift alikaa karibu peke yake na mkusanyo ule, akilipwa shilingi saba kwa wiki, akibadilisha pombe kwenye chupa na kunakili maandishi ya bwana wake usiku. Mwaka 1799 serikali ilinunua mkusanyo kwa pauni 15,000 na kuukabidhi kwa chama cha madaktari wa upasuaji.

Kunakili kwa Clift ndiko kulikookoa mengi. Everard Home, shemeji yake John, aliyachukua maandishi ya asili, na mwaka 1823 akayachoma moto. Watu waliamini kwamba alikuwa ameyatumia kama kazi yake mwenyewe. Bila nakala za mfanyakazi yule mwenye mshahara mdogo, sehemu kubwa ya mawazo ya John ingekuwa majivu.

Mabomu ya Ujerumani yaliyoangukia London Mei 1941 yaliharibu sehemu kubwa ya vielelezo. Vilivyobaki vipo hadi leo katika Makumbusho ya Hunter jijini London.

Taya lako wewe

Tukirudi kwenye kiungo kile mbele ya sikio, haya ndiyo tunayoweza kukuachia. Taya likilia kidogo bila maumivu, mara nyingi si hatari. Likiuma, pumzisha: kula vyakula laini kama uji na viazi kwa siku kadhaa, usitafune miwa wala mifupa, usifungue chupa kwa meno, na weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Maumivu yakiendelea, nenda kituo cha afya kabla ya kukubali kung'olewa jino, kwa sababu maumivu ya kiungo huweza kujifanya ya jino zima.

Taya likifunguka na kugoma kufunga, wahi hospitali lirudishwe. Na kama taya linakakamaa na mdomo haufunguki baada ya kuchomwa na msumari, mwiba au jembe, hata kidonda kikiwa kidogo, usingoje asubuhi. Hiyo inaweza kuwa pepopunda, na huua. Chanjo yake ipo.

Gegedu halirudi, alisema kaka mkubwa mwaka 1743. Mdogo wake akatumia miaka 45 kuangalia, kwa mtu na kwa nyangumi, namna kila kiumbe kilivyopewa njia yake ya kulilinda. Nyangumi alipewa kamba na mafuta. Sisi tulipewa kisahani chembamba, na kazi ya kukitunza.